Betri ya Motokaa Isiyotembea

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa mambo mengi, lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa, na wenzao wote wa Nyanda za Juu Kusini, habari za akiba moja ambayo huoza, tena huoza kimya kimya, bila harufu wala dalili. Akiba hiyo ni nguvu ya umeme iliyomo katika betri ya motokaa.

Tumechagua kueleza jambo hili kwa sababu siku hizi motokaa si kitu kigeni vijijini. Mwalimu aliyestaafu anayo, mwenye duka anayo, na mkulima wa chai au wa viazi aliyepata mavuno mema huenda naye akanunua. Lakini wengi wao hawaendi safari kila siku. Gari hukaa chini ya mti au katika banda, likafunikwa turubai, likingoja siku ya soko, au harusi, au msiba. Mwenyewe hufikiri moyoni mwake, "Gari langu nalitunza. Silichoshi kwa safari za bure." Naye hajui kwamba kwa upande wa betri huko si kulitunza.

Kisha usiku mmoja wa mwezi wa Julai, baridi imeshuka na umande umekuwa mweupe juu ya majani, watu hubisha hodi. "Mwalimu, tusamehe kukuamsha. Mama ameshikwa na uchungu, na mkunga asema hana budi kufikishwa hospitali. Tunakuomba gari." Mwalimu huamka upesi, huvaa koti, hutia ufunguo na kuuzungusha. Gari hulia tik, tik, tik, kisha hunyamaza. Taa zilizowaka kidogo huzimika. Mafuta yamo, magurudumu ni mazima, dereva yupo, mgonjwa yupo. Lakini gari ni chuma tu.

Basi, kwa nini betri iliyokuwa nzima wiki chache zilizopita imekufa bila kufanya kazi yoyote? Na mtu afanye nini kabla ya saa hiyo, na saa hiyo yenyewe ikiisha kumfika? Haya ndiyo tutakayoyaeleza.

BETRI NI NINI

Betri ya motokaa ni sanduku lenye vyumba sita. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi, nayo yamezama katika maji makali, yaani asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mtu wa kwanza aliyetengeneza betri ya namna hii ni Mfaransa, Gaston Planté, katika mwaka 1859, na mpaka leo asili yake haikubadilika. Kila chumba hutoa volti 2 na zaidi kidogo, na vyumba sita vikiunganishwa hutoa volti 12.6 betri ikiwa imejaa.

Betri inapotoa umeme, asidi huingia katika mabamba na kuyavika chumvi ya risasi iitwayo salfeti, na maji yanayobaki hupungua ukali wake. Betri inapotiwa umeme mpya, chumvi ile huyeyuka, na asidi hurudi katika maji. Kwa hiyo betri haiumbi umeme. Huuweka tu, kama kihenge kisivyoota mahindi bali huyaweka.

Baba zetu waliowahi kuona malori ya zamani watakumbuka kwamba turiboi alisimama mbele ya gari na chuma kilichopinda mkononi, akapiga hendeli mpaka injini ikaitika. Gari la namna hiyo halikuhitaji nguvu ya betri ili injini izungushwe. Katika mwaka 1912 kiwanda cha Cadillac huko Marekani kilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo hendeli ikaanza kutoweka. Tulipata raha, lakini tukajifunga kwa betri. Leo betri ikifa, hapana tundu la kutia hendeli.

KWA NINI BETRI HUFA GARI LIKIKAA BURE

Ziko sababu tatu, nazo hufanya kazi pamoja.

Sababu ya kwanza ni kwamba betri hujila yenyewe. Hata ikiwekwa juu ya meza bila waya wowote, nguvu yake hupungua siku kwa siku, kwa kuwa mabamba na asidi hawakai pamoja bila kutendana. Joto likizidi, upungufu huu nao huzidi.

Sababu ya pili ni kwamba gari lililozimwa halikulala kabisa. Saa yake hutembea, redio hukumbuka stesheni zake, na kengele ya kuzuia wezi hukesha. Vyote hivi hunywa umeme kidogo kidogo. Tufanye hesabu pamoja, nao walimu waweza kuwapa wanafunzi wao hesabu hii ubaoni. Betri nyingi za magari madogo zina kiasi cha ampea 60 kwa saa, maana yake zaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 60 hivi. Tuseme vitu hivyo vidogo hunywa sehemu 50 katika elfu ya ampea moja. Kwa siku ya saa 24 vitakunywa ampea 1.2 kwa saa. Gawanya 60 kwa 1.2, utapata siku 50. Basi baada ya siku 25 nusu ya betri imekwisha, na gari halijatoka bandani! Na mtoto akiacha taa ya ndani ikiwaka, hata ikiwa ndogo ya wati 5, nusu hiyo hiyo itakwisha kwa siku tatu tu. Taa kubwa za mbele zikisahauliwa tangu jioni, alfajiri haitaikuta betri hai.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, maana haina dawa. Betri ikikaa na upungufu kwa wiki nyingi, ile chumvi ya salfeti iliyoshika mabamba hugeuka kuwa chembe ngumu. Hata ukitia umeme baadaye, chembe hizo hazikubali tena kuyeyuka. Hapo kihenge chenyewe kimebomoka. Utamwaga mahindi ndani nayo hayatakaa. Watu wengi husema, "Betri za siku hizi ni mbovu," kumbe betri iliuawa na kukaa bila kujazwa.

BARIDI YA KWETU

Mbeya na Iringa ni nchi za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko Mufindi na Makete, na juu ya uwanda wa Kitulo, baridi ya Juni na Julai huleta sakitu. Baridi hutenda mambo mawili kwa pamoja: hupunguza nguvu ambayo betri yaweza kutoa, na hufanya oili ya injini kuwa nzito, hata injini ikawa ngumu kuzungushwa. Kuwasha injini ni kazi ya sekunde chache, lakini katika sekunde hizo stata hudai ampea 100, au 200, au zaidi. Ni kama kumwinulia mtu gunia kichwani: kazi ni ya mara moja, lakini haimwezi aliye dhaifu.

Tena liko jambo ambalo watu hulielewa kinyume. Kinachoharibu betri zaidi ni joto, si baridi. Gari lililokaa miaka mitatu katika joto la Dar es Salaam huenda lina betri iliyokwisha kuumia, ila pwani injini ni nyepesi na ugonjwa haukujulikana. Likinunuliwa na kuletwa Mbeya, usiku wa kwanza wa baridi kali husema kweli. Basi mtu akinunua gari lililotoka pwani, na aipime betri kabla hajaitegemea. Betri nyingi huishi miaka mitatu hadi mitano tu.

JINSI YA KUIHIFADHI

Kwanza, gari na liendeshwe. Mara moja kwa wiki liende safari ya nusu saa au zaidi barabarani, taa na redio zikiwa zimezimwa kama ni mchana. Wako wanaodhani yatosha kuwasha injini bandani dakika tano kila asubuhi. Hilo halifai. Injini ikizunguka polepole altaneta hutoa umeme kidogo, na dakika tano hazitoshi kurudisha hata kile kilicholiwa na saa na kengele katika siku zile.

Pili, kama gari litakaa zaidi ya wiki mbili, fungua waya wa betri. Zima kila kitu, kisha kwa spana legeza waya mweusi, ulio kwenye alama ya kutoa ( - ), uuweke mbali usiguse. Kwa nini mweusi kwanza? Kwa sababu bodi ya gari imeunganishwa na upande huo. Ukianza na mwekundu, spana yako ikigusa bodi italeta cheche kubwa, nayo yaweza kukuunguza. Siku ya kurudisha, mweusi na uwe wa mwisho. Wala usifungue waya wowote injini ikiwa inazunguka, utaharibu altaneta. Ujue pia kwamba saa na redio zitasahau mambo yake, na huenda redio ikadai namba ya siri, uiandike mapema.

Tatu, mwenye paneli ya jua nyumbani anaweza kuilisha betri kwa paneli ndogo ya wati 10 hivi, lakini kwa kupitia kidhibiti chake, ili isipewe kupita kiasi mchana wala isirudishe umeme usiku. Jua la miezi ya kiangazi kwetu ni jingi hata siku za baridi, nalo hatulilipii.

Nne, betri ya gari isigeuzwe kuwa betri ya nyumba. Tumeona watu wakiitoa garini ili kuangalia mpira katika televisheni au kuchaji simu za wanakijiji. Mabamba yake ni membamba. Yaliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kumalizwa polepole mpaka mwisho. Kwa kazi ya nyumbani ziko betri za sola zilizoundwa kwa kazi hiyo.

Tano, tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, usafishe kwa maji ya moto yenye magadi, ukiangalia maji hayo yasiingie vyumbani, kisha kausha, kaza, na paka grisi. Mara nyingi fundi ameuza betri mpya mahali palipotaka kukazwa nati tu. Na betri yenye vifuniko vya kufungua itazamwe kiasi cha maji. Yakipungua chini ya alama, ongeza maji yaliyopatikana kwa mvuke, yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Usitie maji ya mto, na usiongeze maji makali. Kinachokauka ni maji. Asidi imebaki ndani, na ukiongeza nyingine utayala mabamba.

Mwenye kipimo cha volti anaweza kujua hali ya betri bila kubahatisha. Gari likiwa limepumzika usiku kucha, volti 12.6 ni kujaa, 12.4 ni robo tatu, na hapo yapasa kuijaza, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, nayo ni hatari. Injini ikiwaka, kipimo kionyeshe kama 14. Kisipopanda, mgonjwa si betri bali altaneta au mkanda wake, na betri mpya haitakusaidia.

SAA YA SHIDA IKIFIKA

Gari likikataa kuwaka, usiendelee kuzungusha ufunguo mara ishirini. Utamaliza hata kilichobaki. Washa taa za mbele, kisha jaribu stata mara moja huku mtu akizitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, betri ni dhaifu au waya umelegea. Taa zikibaki kali vile vile na gari lisizunguke, huenda kosa ni la stata au la nyaya zake. Mwite fundi wa umeme wa magari.

Kama ni betri, njia iliyo njema ni kuazima nguvu kwa gari jingine kwa nyaya mbili nene. Lakini kabla ya yote uliza: gari hilo lina volti ngapi? Malori mengi makubwa yapitayo Makambako na Mafinga kwenda Tunduma hutumia volti 24. Dereva wake aweza kuwa mtu mwema mwenye nia ya kusaidia, lakini volti 24 zikiingia katika gari dogo la volti 12 zitaharibu vyombo vyake, na betri yaweza kupasuka. Gari la volti 12 lisaidiwe na gari la volti 12.

Magari yasigusane, na yote mawili yazimwe. Kisha fuata mpango huu, usiupindue:

1. Waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha ( + ) ya betri iliyokufa.
2. Ncha yake ya pili kwenye alama ya kujumlisha ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye alama ya kutoa ya betri nzima.
4. Ncha yake ya mwisho si kwenye betri iliyokufa, bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lile lililokufa, mbali na betri.

Sababu ya hilo la nne ni kwamba betri hutoa hewa iitwayo haidrojeni, nayo hulipuka ikipata cheche. Na muungano wa mwisho ndio huleta cheche. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asivute sigara hapo, wala asimulike kwa kibiriti au kwa kibatari. Tumia tochi.

Sasa washa gari zima, liache lizunguke dakika tano, kisha washa lile lingine. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi nyuma: ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Na injini isizimwe njiani. Betri iliyoamshwa haikushiba. Hata mwendo wa nusu saa hauijazi. Siku ya pili ipelekwe kwa mwenye chaja, nayo itiwe umeme polepole. Kwa betri ya ampea 60, ampea 6 kwa saa kumi na zaidi ni kiasi chema.

Ikiwa hapana gari jingine, gari lenye gia za mkono laweza kusukumwa. Fungua swichi, kanyaga klachi, tia gia ya pili, watu wasukume. Likipata mwendo, achia klachi kwa ghafula, na likiwaka kanyaga tena. Lakini tahadhari na milima yetu! Injini ikiwa imezimwa, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito. Usijaribu katika mteremko mkali, wala watu wasisimame mbele. Magari ya otomatiki hayawaki kwa kusukumwa, hata kijiji kizima kikija. Na mengi yaletwayo kutoka Japani ni ya namna hiyo. Mwenye gari hilo asikose nyaya zake ndani ya buti.

Maji ya betri yakimgusa mtu, na aoshwe kwa maji mengi mara moja. Yakiingia machoni, yaoshwe kwa muda mrefu, kisha aende kwa mganga wa hospitali. Na betri iliyokufa kabisa isivunjwe uani. Risasi ni sumu, nayo hudhuru akili za watoto zaidi ya watu wazima. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakaaji walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na katika mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Basi irudishe betri kuukuu kwa muuzaji. Aghalabu hukupunguzia bei ya mpya.

NENO LA MWISHO

Hatukuandika haya ili kila mtu awe fundi. Twataka jambo moja likae moyoni: gari linaloendeshwa kila siku hujilisha lenyewe, lakini gari linalongoja siku ya shida ndilo linalohitaji kuangaliwa zaidi, kwa kuwa halitangoja kwa uaminifu lisipoangaliwa. Twawashauri wazee wa vijiji, walimu, na kamati za zahanati, kwamba mahali penye gari moja tu la kutegemewa usiku, achaguliwe mtu mmoja, na siku moja ya wiki, Jumamosi mathalan. Siku hiyo aliwashe gari, aliendeshe nusu saa, apime volti, na kuandika tarehe katika daftari. Kazi hiyo haizidi saa moja.

Ndipo usiku ule watu watakapobisha hodi, mwalimu atazungusha ufunguo mara moja, na mama yule atafika hospitali mapema.